HUYU HASOMI, ANAIMBA

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka jana mwenzetu mmoja aliandika katika kurasa hizi kuhusu Sheng, na mjadala ukawaka kutoka darasani hadi bwenini. Mwaka huu naomba tuteremke chini kidogo, tufike kule tulikoanzia sote: Gredi ya Kwanza, au darasa la kwanza kama sisi tulivyoliita. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sina ubishi nao. Langu ni kuongeza tu kwamba ukimkunja vibaya angali mbichi, atakauka na upogo wake.

Nina mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye mwaka huu yuko Gredi ya Kwanza. Shule zilipofungwa mwezi wa Aprili alirudi nyumbani na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ripoti. Mbele ya kusoma, Kiingereza na Kiswahili pia, alikuwa ameandikiwa "mbali na matarajio". Karatasi ya pili ilikuwa na orodha ya maneno hamsini ya Kiingereza na hamsini ya Kiswahili, na chini yake agizo kwamba mtoto ayakariri yote kabla ya shule kufunguliwa. Mama, ambaye siku ya soko huondoka na magunia ya viazi kabla jogoo hajawika, alinikabidhi karatasi zote mbili akasema, "Wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Kazi ni yako."

Nami kwa kiburi cha Kidato cha Tatu nikaikubali. Nilikata maboksi ya unga nikatengeneza kadi mia moja, neno moja kwa kila kadi, kwa kalamu nyeusi. Asubuhi na jioni tuliketi jikoni. Mimi nainua kadi, yeye anataja. "The! Was! Said! Come! You!" Tukimaliza hayo tunaingia Kiswahili: "Baba! Mama! Soma! Kitabu! Lima!" Baada ya wiki moja alikuwa anayamwaga yote mia bila kukwama. Nilijiona mwalimu hodari kweli kweli. Nilishaanza hata kumwambia mama kwamba shule ndiyo iliyokuwa na shida, si mtoto.

Siku hiyo shosho alikuwa ameketi pembeni akipukuchua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, kwani hizo karatasi huwa unazipanga vivyo hivyo kila siku?"

Nikamjibu ndiyo.

"Basi hebu zichanganye kama karata."

Nikazichanganya. Jamani! Kadi ya kwanza ilikuwa "was", mdogo wangu akasema "the". Ya pili "kitabu", akasema "was". Alikuwa anafuata wimbo wake ule ule, macho yake hata hayakuwa kwenye kadi. Nikachukua kitabu chake cha kusoma, nikafunua ukurasa wenye sentensi "Baba analima shamba", na picha ya baba ameshika jembe. Akaisoma sawasawa. Nikafunika picha, akaisoma tena. Nikaweka kidole kwenye neno la kati peke yake nikamwuliza hili ni lipi. Akasema, "Shamba." Nikaandika kwenye karatasi "alilima". Akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Analima?" Sauti ilikuwa ya mtu anayekisia, si ya mtu anayesoma.

Shosho akatikisa kichwa. "Huyu hasomi," akasema, "anaimba."

Lazima nikiri kosa langu hapa, maana mficha uchi hazai. Nilipandwa na hasira, nikamwita mdogo wangu kichwa ngumu. Alilia mpaka akalala kwenye mkeka. Nilipotulia ndipo nilipoona kwamba mwenye kichwa ngumu hakuwa yeye. Mtoto alikuwa amefanya sawasawa nilichomwambia afanye. Nilimwambia akariri, akakariri. Sikumwambia asome.

Nikamwuliza shosho yeye alijuaje. Ndipo akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Yeye hakuwahi kukalia dawati la shule akiwa mtoto. Alijifunza kusoma akiwa tayari mama wa watoto wanne, katika madarasa ya watu wazima, yale ya ngumbaru, baada ya serikali kuanzisha kampeni ya kufuta ujinga nchini mwaka wa 1979. Walisomea chini ya mti na ndani ya kanisa. Walianza na a, e, i, o, u. Wakaja ba, be, bi, bo, bu. Wakaja sa, se, si, so, su. Hakuna aliyewapa orodha ya maneno wayatazame na kuyameza.

"Neno la kwanza nililosoma peke yangu," akasema, "lilikuwa kwenye chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Su. Mu. Sumu! Nikaitoa pale karibu na watoto, nikaiweka juu ya dari. Mwalimu hakuwa ametufundisha hilo neno."

Msomaji wangu, rudia hiyo sentensi ya mwisho. Mwalimu hakuwa ametufundisha hilo neno. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo maana kamili ya kusoma. Kusoma ni kuweza kulitamka na kulielewa neno ambalo hakuna mtu amewahi kukuonyesha. Mtu anayejua tu maneno aliyoonyeshwa, hata yakiwa mia, hata yakiwa elfu, bado anasubiri kuonyeshwa la mia na moja.

Je, nasema kwamba yale maneno ya kadi ni upuzi? La hasha! Tusitupe mtoto pamoja na maji ya kumwogeshea. Wacha tulichambue jambo hili polepole, maana haraka haraka haina baraka.

Walimu wa Kiingereza wana kitu wanachokiita "sight words". Mimi nitayaita maneno ya papo hapo, yaani maneno ambayo msomaji anapaswa kuyatambua mara tu jicho linapoyagusa, bila kuyapiga silabi. Orodha mashuhuri kuliko zote iliandikwa Marekani na Edward William Dolch mwaka wa 1936. Ilikuwa na maneno 220. Nomino hazimo, aliziwekea orodha yake peke yake ya maneno 95. Zile 220 ni vijineno kama "the", "of", "was", "you" na "they", ambavyo havina picha lakini viko kila mahali. Fungua kitabu chochote cha watoto cha Kiingereza utaviona vimetapakaa kama siafu. Mtoto asiyevijua atajikwaa katika kila sentensi. Kwa hiyo Dolch hakuwa mjinga.

Tena Kiingereza kina sababu ya kuhitaji msaada huo. Uandishi wake ni mzee kuliko matamshi yake. William Caxton alipeleka mtambo wa kuchapa vitabu Uingereza mwaka wa 1476, na tangu wakati huo tahajia ikaanza kuganda huku ndimi za watu zikiendelea kubadilika. Ile k ya "knife" ilikuwa ikitamkwa zamani. Leo imebaki kama kibanda kilichohamwa na wenyewe. Ndiyo maana "one" inaanza kwa sauti ya w ambayo haijaandikwa popote, na "come" ina e isiyosema lolote. Mtoto akiyasoma maneno hayo kwa uaminifu, herufi kwa herufi, atakosea. Si haki kumlaumu.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Wanadhani kwa kuwa maneno hayo ni sugu, basi dawa ni kuyatazama kama picha na kuyarudia mpaka yaingie. Marekani walijaribu njia hiyo kwa miaka mingi, waliyoiita tazama useme. Mwaka wa 1955 Rudolf Flesch aliandika kitabu kizima cha kuipinga, na ugomvi haukuisha hapo. Mwaka wa 2000 jopo la kitaifa la kuchunguza ufundishaji wa kusoma nchini humo lilitoa ripoti yake, likasema kwamba kuwafundisha watoto kwa mpango mzuri uhusiano wa herufi na sauti huwasaidia kusoma. Mtaalamu mmoja, Linnea Ehri, ameeleza kwa miaka mingi kwamba hata yale maneno tunayoyatambua papo hapo hayakai kichwani kama picha. Yanakaa kwa sababu akili imezifunga herufi zake pamoja na sauti zake, kama kuni zinavyofungwa kwa kamba. Picha bila sauti ni kuni bila kamba. Ukipiga hatua mbili zimemwagika.

Hebu tulichukue neno "said" tulione. Lina herufi nne na sauti tatu. Ile s ya mwanzo inasema s kama kawaida. Ile d ya mwisho inasema d kama kawaida. Wakorofi ni wale wawili wa katikati tu, ai, ambao wanasema e. Sasa kwa nini mtoto akariri neno zima kana kwamba lote ni kitendawili, ilhali theluthi mbili ya sauti zake anazijua tayari? Mwonyeshe anachokijua, kisha mwonyeshe palipo na ukorofi. Atakumbuka.

Au lichukue neno "the", ambalo ndilo la kwanza kabisa katika kadi zangu. Sauti yake ya mwanzo si ngeni hata kidogo. Ni ile ile ya dhahabu, dhambi na dhoruba, ila Kiswahili kinaiandika dh na Kiingereza kinaiandika th. Na kwetu sisi Wakikuyu mambo ni rahisi zaidi, maana Kikuyu nacho huiandika th. Waulize wenyeji wa Thika wanavyoutamka mji wao wakiongea Kikuyu. Kumbe mdogo wangu alikuwa na ufunguo mfukoni, na mimi nilikuwa namfundisha kupiga mlango kwa bega!

Haya, hiyo ni Kiingereza. Kilichoniuma zaidi ni ile nusu ya pili ya karatasi, yale maneno hamsini ya Kiswahili ya kukariri. Hapo ndugu zangu, natofautiana na mwenye orodha mchana kweupe.

Kiswahili hakina ukorofi huo. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti moja: a ni a Jumatatu, na Ijumaa ni a vile vile. Ukizihesabu konsonanti zetu, ukichukua ch, dh, gh, ng', ny, sh na th kila moja kama sauti moja, unapata 25. Zidisha kwa irabu tano. Unapata silabi 125. Mtoto akizijua hizo, akaongezewa zile za kuunganisha kama mba, nda, nja na kwa, pamoja na m ya mtu inayosimama peke yake, atasoma karibu kila neno lililomo katika Kamusi. Atakwama kidogo penye ng na ng', maana ng'ombe na ngome havitamkwi sawa. Hilo ni la kufundishwa wiki moja, si la kukaririwa mwaka mzima.

Lakini kuna sababu nyingine, na hii nimeipata kutoka somo letu la sarufi, lile tunalolinung'unikia kila Alhamisi. Mnakumbuka mwalimu wetu alivyotuchambulia viambishi mpaka tukasinzia? Hebu tuvitumie leo kwa kazi ya maana. Chukua kitenzi soma. Kuna viambishi sita vya nafsi: ni, u, a, tu, m, wa. Kuna vinne vya wakati na hali: na, li, ta, me. Sita mara nne ni ishirini na nne: ninasoma, ulisoma, atasoma, tumesoma, na kadhalika. Ongeza kanusho zake, sisomi, hukusoma, hatasoma, hatujasoma, unapata nyingine ishirini na nne. Jumla ni maneno 48 kutoka kitenzi kimoja, na bado sijagusa kitendwa, kirejeshi wala kauli ya kutendwa.

Sasa niambie wewe unayependa kukariri: utatengeneza kadi 48 za soma? Kisha 48 za lima? Kisha 48 za cheza? Unga wa Nyandarua nzima hautatosha maboksi! Katika Kiingereza "read" inaonekana "read" sentensi baada ya sentensi, kwa hiyo kadi yake ina kazi. Katika Kiswahili neno soma peke yake huonekana mara chache. Aghalabu limevaa kofia mbele na viatu nyuma. Mtoto aliyekariri sura ya "analima" akikutana na "alilima" atakisia, kama mdogo wangu alivyokisia. Mtoto anayetambua a, na, li na lima atasoma zote mbili, na "watalima" pia, na "hatukulima" hata kama mvua ilinyesha.

Hivyo basi kama kweli tunataka maneno ya papo hapo ya Kiswahili, yasiwe maneno mazima marefu. Yawe silabi kwanza. Kisha vijineno vifupi vinavyojirudia, na, ya, wa, la, za, kwa, ni, si, ambavyo mtoto tayari ameshaviunganisha kwa sauti na sasa anahitaji kuvizoea tu. Kisha viambishi: ana-, wali-, tuta-, hatu-. Jicho likizoea vipande hivyo, neno refu halitishi tena. Huo ndio msimamo wangu, na niko tayari kuutetea katika mdahalo wowote wa Chama chetu.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema, "Mbona sisi tulikariri na tukafika sekondari?" Wenzangu, tusisahau. Wengi wetu tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023 tuliingia darasa la kwanza mwaka wa 2016, wakati mradi wa Tusome ulikuwa umeanza kote nchini mwaka mmoja kabla yake. Kila mtoto alipewa kitabu chake, cha Kiswahili na cha Kiingereza. Mimi nakumbuka tukitamka sauti za herufi, tukiziunganisha kuwa silabi, tukiunganisha silabi kuwa maneno. Hatukufika hapa kwa kukariri tu. Tumesahau ngazi kwa sababu tumeshafika darini.

Wa pili watasema kwamba wazazi wanataka Kiingereza, na mtoto anayemwaga maneno mia mbele ya wageni huonekana amesoma shule nzuri. Ni kweli, na hata mama alitabasamu zile siku saba za mwanzo. Lakini kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzazi akitaka kujua kama mtoto wake anasoma, asimwambie "soma ukurasa wako". Amwandikie neno ambalo halimo kitabuni. Atajua ukweli dakika hiyo hiyo.

Wa tatu ni walimu, na hawa nawaheshimu sana. Watasema kwamba mwalimu mmoja ana watoto sitini mbele yake, na kuimba pamoja ndiyo njia pekee ya kuwashika wote. Hoja hii ina uzito, na sitajifanya kwamba nina dawa yake. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja tu jikoni na bado nikashindwa wiki nzima kugundua kwamba hasomi. Mwalimu wa sitini atagunduaje? Ila nauliza kwa unyenyekevu: kama tunaimba, mbona tusiimbe silabi badala ya orodha? Na baada ya wimbo, mbona kadi zisichanganywe? Kuchanganya kadi hakuhitaji pesa za serikali.

Sasa, ndugu zangu mnaorudi nyumbani likizoni mkiwa na wadogo zenu, nisiwaache njia panda. Nitawaeleza tulivyofanya baada ya ile siku ya machozi.

Kwanza, nilimwomba msamaha. Msicheke. Mtoto anayeogopa hasomi, anakisia ili umwachilie.

Pili, kwa siku kumi tuliziweka kando kadi zote. Tulicheza kwa masikio tu. Nikisema "me-za" yeye anasema meza. Nikisema paka, anapiga makofi mawili. Nikisema "toa ka kwenye kaka, weka da mbele na nyuma", anafikiri, kisha anacheka: dada! Mtoto asiyesikia vipande vya neno hataviona.

Tatu, tulianza silabi, mbili au tatu kwa siku, na papo hapo tukaziunganisha. Siku ya ma, ta na ka tayari tulikuwa na mata, kama, taka, mama, kata, na hata tamaka ambalo halina maana yoyote. Maneno yasiyo na maana ni mazuri sana, kwa sababu mtoto hawezi kuyakisia.

Nne, kila neno alilolisoma nilibadilisha kipande kimoja. Kata, kama, kaka. Analima, alilima, atalima. Hapo ndipo macho yake yalipoacha kuangalia uso wangu yakaanza kuangalia karatasi.

Tano, maneno sugu ya Kiingereza tuliyarudisha, lakini matatu tu kwa wiki. Nalitamka, anahesabu sauti zake kwa vidole. Analiandika. Tunazungushia kalamu nyekundu zile herufi korofi peke yake. Analitumia katika sentensi, na kesho yake, kabla ya chai, namwuliza tena. Basi. Maneno matatu yaliyoshikika ni bora kuliko hamsini ya kuelea.

Sitawadanganya kwamba sasa ni bingwa. Kiingereza bado kinampa taabu, na juzi kwenye simu mama aliniambia kwamba "was" na "saw" bado wanamzungusha. Ripoti ya muhula wa pili ilisema "anakaribia matarajio". Mimi naikubali hiyo "anakaribia" kwa mikono miwili.

Lakini ngoja niwape la mwisho. Likizo ya Agosti tulimsindikiza mama sokoni. Tulipokuwa tunapita nyuma ya vibanda, palikuwa na ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kubwa. Mdogo wangu akasimama. Nikamvuta mkono, akakataa kwenda. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kisha akapaza sauti, soko zima likasikia:

"U-si-ko-jo-e ha-pa. USIKOJOE HAPA!"

Akina mama wa nyanya walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee mmoja aliyekuwa akielekea ule ukuta akageuza njia. Mama aliona haya akajifunika kwa leso. Mimi nilisimama pale machozi yakinilengalenga, maana neno hilo halikuwa katika kadi zangu mia moja, wala katika orodha ya shule, wala katika kitabu chake. Hakuna mwalimu yeyote aliyemfundisha. Lilikuwa ndilo sumu lake.

Tulipofika nyumbani nilimweleza shosho. Alicheka, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema maneno mawili tu: "Sasa anasoma."

Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapokunja jamvi langu. Kama hukubaliani nami, kalamu ni yako na kurasa za mwakani ziko wazi. Lakini kabla hujaandika, nenda kwanza kwa mdogo wako na umchanganyie kadi.